Dozi Haikai: Kisa cha mraibu wa heroini mwenye baipola

Mgonjwa ninayemweleza hapa nimemuunda kwa ajili ya kufundishia. Hakuna mtu mmoja aliyepitia yote haya kwa mpangilio huu, lakini kila kipande chake ni jambo la kawaida kwa wanaofanya kazi na waraibu wa heroini Dar es Salaam.

Ni mwanamume wa miaka 34, zamani konda wa daladala, sasa anaosha magari. Yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya heroini, mwaka na miezi minne. Dozi yake ni miligramu 80. Kila asubuhi anainywa kwenye dirisha la kliniki mbele ya muuguzi, anashushia maji, kisha anasemeshwa kidogo ili ijulikane kweli amemeza. Kwa mwaka mzima vipimo vya mkojo vilikuwa safi. Mama yake, ambaye ana genge la mboga, alikuwa ameanza tena kumkabidhi pesa za kwenda sokoni alfajiri, na anayeijua familia ya teja anajua hilo lina uzito gani.

Kisha akaanza kulalamika. "Dada, dozi haikai." Alisema ikifika jioni anapiga miayo, makamasi yanamtoka, magoti yanauma, na usiku halali. Kwa kifupi, arosto, maumivu ya mwili unaokosa dawa. Muuguzi akaandika kwenye faili: mgonjwa anaomba kuongezewa dozi.

Sentensi hiyo si ya uongo, ila imegeuza dalili kuwa ombi. Mtu aliyesema anaumwa ameandikwa kama mtu anayetaka kitu. Kliniki ya methadoni husikia maneno kama hayo kila siku, na wapo wanaoyasema ili wapate kulewa kidogo, kwa hiyo masikio ya wahudumu huota sugu. Alipimwa mkojo. Haukuwa na heroini. Akaambiwa avumilie, mwili utazoea.

Baada ya wiki mbili mkojo ulionyesha heroini. Hapo ndipo kila mtu alipopata maelezo aliyokuwa akiyasubiri: kumbe alikuwa anarudi mtaani, ndiyo maana alilalamika. Tazama mpangilio lakini. Malalamiko yalitangulia, mkojo ukiwa safi. Heroini ilifuata. Kama angekuwa anatafuta starehe tu, angeanza na kete ya heroini, halafu aje na hadithi. Huyu alikuja na hadithi kwanza, na hadithi yake ilikuwa kweli.

Kilichokuwa kimebadilika

Wiki tatu kabla ya malalamiko ya kwanza, mshauri nasaha wa kliniki aliona jamaa amechangamka kupita kawaida. Anaongea haraka, anarukia mada, amekopa pesa ili afungue kampuni ya kuosha magari yenye matawi mikoa yote, analala kwa saa mbili tu na anaamka hana uchovu. Mshauri akafanya jambo sahihi, akampa karatasi ya rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali nyingine. Karatasi ilisema "mabadiliko ya tabia". Haikusema anakunywa methadoni wala kiasi gani.

Huko alionwa, akaambiwa ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kwa msisimko kisha kumshusha kwa sonona, akapewa vidonge viwili: kabamazepini miligramu 200 asubuhi na jioni, na haloperidoli, dawa ya kutuliza akili, usiku. Alipoulizwa kama anatumia dawa nyingine, alisema hapana.

Kwa nini alisema hapana? Si kwamba alisahau. Miaka kumi nyuma, alipopelekwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili mara ya kwanza, alisema ukweli kwamba anavuta unga, yaani heroini. Aliambiwa hiyo ni bangi na unga tu, aache kwanza halafu arudi. Alirudi nyumbani na Largactil, dawa ya zamani ya kutuliza akili, ya wiki mbili. Tangu siku hiyo alijifunza kwamba neno "unga" linafunga milango ya upande wa akili, na kwamba neno "kichaa" linamfanya aonekane mzigo upande wa waraibu. Akawa na watu wawili ndani yake, kila mmoja na daftari lake la kliniki.

Sasa kabamazepini. Hii ni dawa ya kifafa inayotumika pia kutuliza mawimbi ya baipola. Ni nafuu na inapatikana kwa urahisi, ndiyo maana madaktari huikimbilia. Kasoro yake kwa mtu huyu ni kwamba inaliamsha ini. Vimeng'enya vinavyovunjavunja methadoni vinaongezeka, na kazi hiyo haitokei siku moja, huchukua wiki mbili tatu hivi. Miligramu 80 aliyokuwa akimeza kila asubuhi ilibaki 80 kwenye kikombe, lakini damuni ilikuwa inapungua mno kabla ya jua kuzama. Dozi ilikuwa haikai kweli. Alitumia maneno sahihi kuliko yaliyoandikwa kwenye faili lake.

Jambo la kuudhi ni kwamba wahudumu wa methadoni wanaujua mchezo huu vizuri ukija na sura nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya vilevile, na kwa kuwa TB ni nyingi kati ya waraibu, muuguzi mzoefu akisikia mgonjwa ameanza dawa za TB anajiandaa kupandisha methadoni bila kuambiwa. Efavirenzi, iliyokuwa kwenye dawa za kufubaza VVU kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake, ilikuwa na tabia hiyohiyo. Hivyo elimu ipo. Tatizo ni kwamba kwa TB na VVU taarifa hupita kutoka chumba kimoja hadi kingine, wakati dawa za akili huandikwa ng'ambo ya mji na mtu asiyejua kwamba dirisha la methadoni lipo.

Jinsi ilivyogundulika

Hakukuwa na kipimo cha ajabu. Mama alimsindikiza mwanawe asubuhi moja akiwa hoi, hajalala siku tatu, anaimba dirishani na kugawa pesa za genge kwa watu walio kwenye foleni. Muuguzi mwingine, wa zamu, akamvuta mama pembeni.

"Shikamoo mama. Huyu nyumbani anakunywa dawa gani?"

"Marahaba mwanangu. Ananywa za hapa, na zile za kichwa."

"Za kichwa zipi?"

"Mie sijui majina. Zipo kwenye mfuko."

"Kesho niletee mfuko wote. Hata zile zilizokwisha, niletee maganda."

Mfuko ulikuja na kabamazepini, haloperidoli, vidonge vya usingizi vya diazepamu visivyo na jina la mgonjwa, chupa ya maji ya kombe na pakiti ya dawa za minyoo. Kwa maoni yangu, mfuko huo ulikuwa kipimo kizuri kuliko vyote alivyofanyiwa mwaka ule, na haukugharimu chochote. Diazepamu alikuwa akinunua mtaani ili apate usingizi. Ikichanganywa na methadoni, mtu anaweza kusahau kupumua akiwa usingizini, na heroini juu yake inaongeza hatari hiyo. Kwa hiyo kijana huyu alikuwa anatembea kwenye ukingo wa pande mbili: methadoni haitoshi mchana, na mchanganyiko wa kufisha usiku.

Walipomtazama kabla ya dozi ya asubuhi, mboni za macho zilikuwa pana na ngozi imesisimka vinyweleo. Mtu anayejifanya anaweza kupiga miayo, mboni hawezi kuzipanua kwa kupenda.

Kipi kilianza?

Hapa ndipo mikutano ya wahudumu hupoteza saa nzima. Mmoja anasema wazimu wote huo ni wa bangi na unga, akiacha utaisha. Mwingine anasema huyu ni mgonjwa wa akili anayejitibu kwa heroini, tibu akili, uraibu utajifia. Wote wawili wana mifano. Kwa kawaida dalili za akili zinazoletwa na kilevi chenyewe hupungua ndani ya mwezi hivi baada ya mtu kuacha, kwa hiyo madaktari hutafuta kipindi ambacho mgonjwa alikuwa mbali na kilevi na kuuliza alikuwaje.

Kwa huyu kipindi kilikuwepo. Akiwa na miaka 25 familia ilimpeleka kwa bibi yake kijijini, Handeni, alikokaa miezi kumi bila unga wala bangi. Mwezi wa saba wa kukaa huko akaanza kuhubiri usiku kucha na kuchimba kisima alichosema kitauza maji hadi Tanga mjini. Kijijini walisema amerogwa. Halafu mama, akiulizwa kuhusu ndugu, akataja shangazi wa kijana: "Yule ana mashetani ya msimu. Kila mwaka yanampanda, akitulia analala mwezi mzima haongei." Ukimuuliza mama kama kuna ugonjwa wa akili kwenye ukoo atakujibu hapana, na hatakuwa amedanganya. Muulize nani hupandwa, nani hupotea nyumbani, nani hulala mwezi mzima, na historia yote itakuja yenyewe.

Kwa hiyo baipola ni yake, haikuletwa na unga. Hii ni muhimu kwa sababu ina maana dawa za baipola zitakuwa za muda mrefu, hata akikaa miaka mitano bila kugusa kete. Ila nadhani swali la kipi kilianza hupewa heshima isiyostahili. Jibu lake linaamua mpango wa miaka ijayo, haliamui cha kufanya wiki hii. Wiki hii mtu ana magonjwa mawili yanayochocheana: akipanda, anakosa kliniki; akikosa siku kadhaa za methadoni, mwili unapunguza uzoefu wake na dozi lazima ishushwe ndipo arudishwe salama; dozi ikishushwa, arosto; arosto ikija, kete; asipolala kwa arosto, anapanda zaidi. Mahali pa kuingilia duara hilo ni popote unapoweza kushika.

Tena hali hii haina uadimu wowote. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990, uliohoji watu zaidi ya 20,000, ulikuta kwamba karibu nusu ya wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, na zaidi ya nusu ya wenye baipola walikuwa wamewahi kupata tatizo la pombe au dawa za kulevya maishani mwao. Kliniki ya methadoni isiyotegemea kumwona mgonjwa wa namna hii inafanya kazi kama duka la nguo lenye saizi moja.

Kilichojaribiwa kabla

Nakipitia haraka kwa sababu ni cha kawaida. Alianza na kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na heroini, akiwa na miaka 17 stendi, akaja kuvuta, kisha kujidunga. Alikaa kwenye nyumba moja ya kurekebisha waraibu ambako sheria ilikuwa kutomeza kitu chochote, kwa hoja kwamba dawa ni dawa. Nyumba hizi zimewaokoa watu wengi, Zanzibar hasa, na udugu wa wenzako waliopita njia hiyohiyo ni tiba ambayo hospitali haiwezi kuitoa. Lakini kumnyang'anya mtu wa baipola dawa yake kwa jina la usafi ni kumwandalia kuanguka. Alianguka, akapigana, akatolewa. Alipitia pia kwa mganga na kwa shehe. Kisomo cha shehe mama yake anakisifu hadi leo, na hakuna sababu ya kumbishia. Kilimpa kijana usingizi wa siku mbili na hakikumkataza chochote.

Kisha methadoni. Tanzania ilianza kuitoa hospitalini Muhimbili Februari 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, halafu mikoani: Mbeya, Mwanza, na Itega, Dodoma, chini ya Hospitali ya Mirembe. Mahali kama Itega, ambako dawa ya uraibu na madaktari wa akili wako chini ya paa la taasisi moja, kisa hiki kingeweza kuishia kwenye ukurasa wa kwanza.

Uamuzi

Timu ilikaa: daktari wa methadoni, mfamasia, muuguzi aliyeomba mfuko, mwelimishaji rika, na kwa simu daktari wa afya ya akili wa hospitali ya pili. Simu hiyo ilichukua dakika ishirini. Daktari huyo alishtuka kusikia kuna methadoni.

Njia ya kwanza ilikuwa kuacha kabamazepini ilipo na kupandisha methadoni hadi ikae. Inawezekana, na kwa TB ndivyo inavyofanywa. Hatari yake ni mgonjwa wa baipola anayeacha vidonge mwenyewe, kama wanavyofanya wengi wakijisikia wamepona. Akiacha kabamazepini, ini linarudi polepole kwenye mwendo wake wa zamani, na methadoni iliyokuwa imepandishwa inajilimbikiza. Wiki mbili baadaye analala asiamke. Kwa kijana ambaye tayari ana diazepamu mfukoni, njia hii walikuwa sahihi kuikataa.

Lithiamu ilitajwa. Ni dawa nzuri sana ya baipola, lakini inahitaji damu ipimwe mara kwa mara, na kiasi kinachotibu kiko jirani na kiasi kinachodhuru. Kwa mtu anayefanya kazi juani, anatoka jasho kutwa na kunywa maji akikumbuka, waliona waisogeze mbele.

Wakachagua valproeti, ambayo hailiamshi ini dhidi ya methadoni kama kabamazepini inavyofanya. Kwa mtu aliyewahi kujidunga, valproeti ina swali lake: homa ya ini aina ya C na B ni nyingi kati yao, na dawa yenyewe inaweza kuliumiza ini. Alipimwa kwanza, ini likawa salama. Angekuwa mwanamke wa umri wa kuzaa, uamuzi ungekuwa mwingine kabisa, kwa kuwa valproeti huharibu mtoto tumboni, na nashangaa bado inavyoandikwa kwa wasichana kwa wepesi.

Haloperidoli ilikuwa na jambo lake. Dawa hiyo na methadoni zote mbili zinaweza kuvuruga mpigo wa umeme wa moyo, na zikiwa pamoja wasiwasi unaongezeka. Walimfanyia ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na urefu wa mpigo huo ukatoka wa mpakani, si wa kutisha. Wakabadilisha kwenda olanzapini ya usiku, ambayo pia ingempa usingizi na kuondoa hoja ya diazepamu. Inanenepesha na inaweza kupandisha sukari. Mama alipoambiwa, alicheka, akasema huyu mwanangu akinenepa nitachinja kuku.

Kabamazepini ilishushwa hatua kwa hatua. Methadoni haikuongezwa hata kidogo, ingawa jamaa aliendelea kulia arosto kwa siku kadhaa. Walimweleza kwa nini: dozi ileile itaanza kukaa yenyewe. Kumweleza kulibadilisha mengi. Kwa mara ya kwanza aliambiwa kwamba malalamiko yake yalikuwa kweli na yana jina. Kila asubuhi muuguzi alitazama kama ana usingizi mzito kabla ya kumpa kikombe, maana sasa hatari ilikuwa imegeuka upande wa pili. Diazepamu walikubaliana aziache kidogokidogo, vidonge vikitunzwa na mama, kwa kuwa kukata ghafla mtu aliyezizoea kunaweza kuleta degedege.

Heroini kwenye mkojo ilitoweka baada ya mwezi na kitu. Bangi haikutoweka. Kulikuwa na ubishi kama aadhibiwe kwa bangi, wengine wakitaka dozi ishushwe. Mwelimishaji rika, ambaye naye alikuwa teja, ndiye aliyefunga mjadala: "Mkimshusha dozi kwa sababu ya bangi, mnamrudisha kwenye unga kwa mikono yenu." Bangi kwa mtu wa baipola si jambo dogo, inaweza kumpandisha. Ilibaki mada ya mazungumzo ya kila wiki, haikufanywa sababu ya kumnyima tiba.

Utulivu uliotaka kumwua

Miezi miwili baadaye kila mtu kliniki alikuwa akimsifu. Ametulia. Anakuja mapema, anakunywa, anaondoka, hasumbui. Kwenye faili: "anaendelea vizuri".

Mama ndiye aliyesema hapana. Mwanawe alikuwa haoshi magari tena, anakaa uani hadi jua linazama, anasema amewamaliza watu kwa madeni ya ile kampuni yake ya kichaa na kwamba heri asingekuwepo. Baada ya kupanda huja kushuka, na sonona ya baipola ni nzito kuliko wanavyodhani wale wanaoogopa tu fujo zake. Mraibu anayetaka kufa hahitaji kamba; anajua kiasi gani cha unga kinatosha, na anajua nani anauza. Kliniki nyingi zimepangwa kugundua mgonjwa msumbufu. Mgonjwa anayezama kimya hupita dirishani kila siku na kusifiwa.

Aliulizwa waziwazi, na mtu aliyekaa naye, kama anafikiria kujiua. Alijibu ndiyo, na kwamba alikuwa ameshachagua siku. Kuuliza hakukumpandikizia wazo. Lilikuwepo, likapata pa kutokea. Olanzapini iliongezwa. Hakupewa dawa ya sonona peke yake, kwa kuwa kwa mtu wa baipola inaweza kumrusha juu tena. Mama alilala chumba kimoja naye kwa wiki tatu, mwelimishaji rika akawa anampitia jioni, na madeni yakaorodheshwa moja moja, wakakuta yanalipika kwa mwaka.

Hali ilivyo

Methadoni ni miligramu 80 ileile. Valproeti na olanzapini anachukua kwenye dirisha moja na methadoni, akimeza dozi ya asubuhi papo hapo na kuondoka na ya usiku, baada ya hospitali mbili kukubaliana nani anaagiza na nani anatoa. Makubaliano hayo yalichukua muda mrefu kuliko matibabu yenyewe, kwa sababu hakuna fomu inayoyatambua. Yanasimama kwa simu za watu wawili wanaofahamiana, na mmoja wao akihamishwa kituo yataanza upya. Valproeti ikiisha kwenye ghala, mama hununua, na wiki asizoweza kununua hupiga simu mapema badala ya kunyamaza.

Ameomba dozi za kwenda nazo nyumbani ili awahi kazini. Timu imegawanyika. Rekodi ya mkojo inamruhusu. Rekodi ya ile siku aliyokuwa ameichagua inawafanya wasite, maana chupa ya methadoni ya siku kadhaa ndani ya nyumba ni hatari ya aina yake. Kwa sasa wamempa ya Jumapili tu, mama akiishika, na watalitazama tena baada ya msimu ambao kwa kawaida humpanda, unaoanza Oktoba.